Tembo wa Tabora na Wezi wa Mnada

Wiki mbili zilizopita alifika katika ofisi yetu mzee mmoja aliyeitumikia reli kwa miaka 31. Alikuja amevaa kanzu safi na kofia, na mkononi ameshika kikasha cha kiberiti. Alituomba tukifungue, tukitazame kilichomo, kisha tumwambie kama yeye ni mjinga. Hatukumwambia hivyo, wala hatutaki msomaji yeyote amwambie hivyo baada ya kuyasoma haya tuyaandikayo leo.

Ndani ya kikasha, juu ya pamba, ilikuwamo sarafu ya rangi ya dhahabu. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga wake, nyuma yake mlima; chini yake mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili kuna tai wa Kaisari na maneno ya Kijerumani yaonyeshayo kwamba thamani yake ni rupia 15. Mzee aliinunua mwaka jana katika mnada wa mtandaoni. Mjukuu wake ndiye aliyeshika simu na kutaja bei, nao walikesha wote wawili, kwa maana mnada ule ulifungwa saa tisa za usiku kwa saa zetu. Ilimgharimu shilingi 2,400,000, nazo zilitoka katika kiinua mgongo chake. Tulimwuliza kilichomsukuma. Akajibu kwamba babu yake alikuwa kibarua katika karakana ya reli ya Tabora wakati wa Mjerumani, na kwamba tangu utoto alisikia habari za dhahabu iliyofuliwa pale. Akatamani, kabla hajafa, kuwa na moja ya zile zilizopita labda mikononi mwa babu yake.

Tulifuatana naye mpaka kwa sonara. Mizani ya sonara ilisema gramu 4 na robo. Tembo wa kweli wa Tabora ana uzito wa gramu 7.168. Sonara, kwa idhini ya mzee, akaukwaruza ukingo kidogo kwa tupa. Chini ya utando wa dhahabu mwembamba kama ganda la kitunguu ikatokea shaba ya manjano. Mzee hakusema neno. Aliirudisha sarafu katika pamba, akakifunga kikasha, akamwuliza sonara kama kuna malipo ya kupima. Sonara alikataa kupokea chochote.

Kwa ajili ya vijana wetu ambao huenda hawajapata kuisikia habari yenyewe, inafaa tueleze kwa nini sarafu hii inatamaniwa na watu wengi hivyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikipiganwa katika nchi hii, Waingereza walikuwa wameifunga bahari kwa manowari zao, na Wajerumani waliokuwa wakitutawala hawakuweza tena kuletewa fedha kutoka kwao. Askari walitaka mishahara, na wauza chakula walitaka kulipwa. Ndipo mwaka 1916 Wajerumani walipoigeuza karakana ya reli kule Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Walifua heller 5 na heller 20 kwa shaba ya maganda ya risasi na mabaki mengine ya chuma cha vita. Halafu wakafua sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu yenyewe ilitoka katika mgodi wa Sekenke, ambao leo umo katika Mkoa wa Singida. Ilikuwa dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 katika kila sehemu 1,000, na zilizosalia ni madini ya kuchanganyia. Zilifuliwa sarafu 16,198 tu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, tarehe 19, jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo liliingia Tabora, na kazi ile ikawa imekwisha.

Katika vitabu vya sarafu tulivyovisoma, mhandisi wa Kijerumani aliyesimamia kazi hiyo ametajwa kwa jina, na sonara wa Kisinhala kutoka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, ametajwa kuwa ndiye aliyemchora tembo yule. Hatukumkuta hata mmoja wa wale waliochimba Sekenke, wala wa wale waliovuta mitambo Tabora, wala wa wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile na kufa njiani kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Majina yao hayakuandikwa popote. Kilichobaki cha kazi ya mikono yao katika jambo hili ni sarafu hizo 16,198, na si zote zilizosalia. Kwa hiyo mtu aigizaye tembo wa Tabora na kumwuza kuwa ni wa kweli amefanya wizi wa namna mbili. Amemnyang'anya mnunuzi fedha yake, na vibarua wale wasio na majina amewanyang'anya alama pekee waliyoiacha.

Sasa hebu tuutazame ufundi wa wezi hawa, maana adui usiyemjua humwezi.

Wizi wenyewe si mpya. Mnamo karne ya 16, katika mji wa Padua huko Italia, fundi aitwaye Giovanni Cavino alifua sarafu za kuigiza za wafalme wa Roma kwa ustadi mkubwa hata wakusanyaji wa baadaye wakazipokea kuwa za kale. Miaka mia mbili na zaidi baadaye alitokea Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyezaliwa mwaka 1772. Huyu alichonga mihuri ya chuma kwa mkono wake na kufua sarafu za Wagiriki na Warumi zilizowapoteza wataalamu. Inasimuliwa ya kuwa alizitia sarafu zake mpya katika sanduku lenye vumbi la chuma, akalifunga chini ya gari lake la farasi, akaenda nazo safari, ili zisuguane njiani na kupata uzee. Twamtaja Becker kwa sababu alihitaji miaka ya kujifunza kuchonga, na gari, na farasi. Mwizi wa leo hahitaji hata kimoja.

Mwizi wa leo huchukua sarafu moja ya kweli, au hata picha yake tu, akaifanyia kalibu au muhuri kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Kazi ya kumimina madini katika kalibu ndiyo rahisi na ndiyo mbaya. Huacha vitundu vidogo vya hewa usoni mwa sarafu, herufi huwa butu kama zimelambwa, na aghalabu mshono huonekana ukingoni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kazi ya kufua kwa muhuri ni ngumu kuitambua. Lakini nayo ina aibu yake. Ikiwa sarafu mama ilikuwa na mkwaruzo juu ya sikio la tembo, basi kila mtoto atakayezaliwa na muhuri ule atakuwa na mkwaruzo ule ule mahali pale pale. Mkwaruzo wa kweli hupatikana mara moja, mfukoni mwa mtu mmoja, siku moja. Ukiona sarafu mbili kwa wauzaji wawili tofauti zimeumia mahali pamoja kwa namna moja, jua ya kwamba hizo ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni muhuri wa mwizi. Nyingi za bidhaa hizi zimetoka katika karakana za China. Lakini karakana haiuzi bila dalali, na madalali wamo katika kila nchi, na Ulaya pia wamo tele.

Ufundi wa kuuza waupita ufundi wa kufua. Mzee wetu alituonyesha katika simu ya mjukuu wake tangazo lililomnasa, kwani walilipiga picha kabla halijafutwa. Picha ilikuwa ya sarafu ya kweli. Ilitwaliwa, kama tulivyogundua baada ya kupekua kwa saa moja, katika orodha ya mnada wa heshima wa zamani. Sarafu iliyotumwa ilikuwa nyingine kabisa. Maneno ya tangazo yalikuwa matamu. Muuzaji alisema ati yeye hajui mambo ya sarafu, ati ameikuta katika sanduku la marehemu babu yake, ati hawezi kutoa uhakika, illa kila mtu aitazame picha na kuamua mwenyewe. Tafadhali lisome tena jambo hilo. Mtu ajifanyaye mjinga ndiye aliyemwuliza mwerevu kama anataka kuuibia ujinga wake. Na mnunuzi, akidhani kwamba yeye ndiye atakayepata faida, hujiharakisha kulipa kabla muuzaji hajazinduka. Bei ilianza chini sana. Kisha wapambe, ambao huenda ni muuzaji mwenyewe kwa majina mengine, wakaipandisha kidogo kidogo mpaka alfajiri. Muuzaji alikuwa na sifa nyingi njema zilizoandikwa na wateja wa zamani, lakini zote zilikuwa za vitu vya bei ndogo: vifungo, stempu, kadi za posta. Sifa zile alizinunua kwa vitu vya halali ili aje azitumie siku moja kwa kitu cha haramu.

Mnada ule ulimpa mnunuzi siku 30 za kulalamika. Kifurushi kilikawia njiani. Mzee alipokipokea alifurahi, akakiweka kabatini, akawaonyesha wanawe siku ya Idi. Shaka ilimwingia baadaye sana, alipoona rangi inapauka pale vidole vinapogusa. Siku zilikuwa zimekwisha, tangazo limefutwa, na jina la muuzaji halikuwapo tena.

Tunajua ya kwamba wako watakaosema: haya ni mambo ya matajiri, mchezo wa watu wenye fedha za kuchezea, na gazeti la Chama lina kazi kubwa zaidi ya kuwalilia wakusanya sarafu. Tumelisikia neno hili hata katika chumba chetu cha habari, kutoka kwa ndugu tunayemheshimu. Tunalikataa. Tajiri anunuaye sarafu ya dhahabu huko Zurich au New York anaye mtaalamu wake, anayo mizani yake, naye hununua katika nyumba za mnada zinazomrudishia fedha akidanganywa. Wavu wa mwizi haumnasi huyo. Wavu huwanasa mwalimu mstaafu, karani, dereva, baharia, na kijana aliyesikia kwamba vitu vya kale huzidi thamani. Huyu hununua mara moja katika maisha yake, kwa fedha aliyoiweka kwa miaka. Shilingi 2,400,000 kwa bepari ni chakula cha jioni. Kwa mzee wetu zilikuwa bati za kuezekea nyumba.

Tena liko jambo lipitalo fedha. Sarafu ya kale ni hati. Twende Kilwa tulione jambo hili wazi. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba kwa mamia ya miaka, na juu yake waliandika majina yao kwa maneno yenye vina. Yumo Al-Hasan bin Sulaiman, aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Lakini sarafu zile za shaba hazikuandikwa mwaka wala mji. Mtaalamu hana budi kuuliza: imeokotwa wapi, katika udongo gani, pamoja na vyungu gani? Kwa njia hiyo ndivyo tulivyojua mengi. Sarafu ya Kilwa imekutwa Great Zimbabwe, ikashuhudia biashara ya dhahabu iliyopita Sofala. Mwaka 1944 askari wa Australia aliokota tano katika kisiwa kimoja cha Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, iliibuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha zenye majina ya watawala wa pwani hii wenyewe, pamoja na dinari za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Waliosema kwamba Mwafrika wa pwani hakuwa na dola wala hazina kabla ya wageni walijibiwa na udongo wa Pemba.

Sasa fikiri mwizi anafua shaba ya Kilwa, anaizika wiki mbili katika mbolea na chumvi ili ipate kutu ya kijani, kisha anaiuza mnadani na hadithi aliyoitunga, ati imechimbwa mahali fulani. Msomi asiyejihadhari akaiandika katika kitabu. Hati ya uongo imeingia katika kumbukumbu zetu, na kuitoa ni kazi ya kizazi kizima. Wakoloni walituandikia historia ya uongo kwa wino. Hawa wanatuandikia kwa shaba.

Na huku za uongo zikiingia, za kweli zinatoka. Kwa miaka mingi watoto wa Kilwa Kisiwani wamekuwa wakiokota sarafu ufuoni baada ya mvua au maji kupwa, na kuwauzia wageni kwa fedha ya soda. Hatuwalaumu watoto. Mahame yale yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na bado mtoto wa pale hajafundishwa ya kwamba kile kipande cha shaba kilichotoboka ni jina la babu yake lililoandikwa.

Hatuna budi pia kusema juu ya reale ya Maria Theresa, kwa sababu watu wanaoiuliza ni wengi. Sarafu hii kubwa ya fedha, yenye picha ya malkia wa Austria, ndiyo iliyonunulia karafuu na pembe Unguja, na, tusifiche, ndiyo iliyonunulia watu. Malkia alikufa mwaka 1780. Kwa kuwa wafanya biashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakutaka nyingine, kiwanda cha Vienna kiliendelea kuifua kwa mwaka ule ule wa 1780, na Roma, London, Paris, Brussels na Bombay pia ziliifua katika karne ya 20. Mpaka leo Vienna inaifua. Uzito wake ni ule ule wa zamani, gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni ile ile. Basi hii si bandia. Ni sarafu ya halali inayosema mwaka usio wake, na kila mjuzi anajua. Lakini muuzaji atakayekuambia ya kuwa ina miaka zaidi ya 240, naye anajua ilifuliwa juzi, huyo ni mwongo hata kama fedha iliyo mkononi mwake ni safi. Twaomba wasomaji waishike tofauti hii. Uongo wakati mwingine haumo katika madini, umo katika ulimi wa anayeuza.

Wala tusijitie usafi. Katika miji yetu wenyewe wako watu, nasi twawajua kwa sura, wanaofua rupia za Mjerumani kwa shaba na risasi, na kuwauzia watalii na Watanzania wenzao. Wako wengine wanaoeneza maneno ati rupia fulani ina nguvu, ati huvuta sindano na punje za mchele, ati kuna Wazungu wanaoinunua kwa mamilioni. Kwa maneno hayo watu wameuza mashamba. Kwa maneno hayo vijana wamechimbua misingi ya maboma ya kale na hata makaburi, wakitafuta hazina ya Mjerumani ambayo Mjerumani mwenyewe hakuwa nayo. Mtu anayefua pesa kwa maganda ya risasi hakuacha masanduku ya dhahabu chini ya mwembe. Rupia ni kipande cha fedha cha gramu 11 na nusu na ushee. Haina nguvu yoyote isipokuwa ile iliyokuwa nayo ya kumlipa mtu kodi ya kibanda.

Wenzetu wamejaribu nini? Marekani ina sheria tangu mwaka 1973 inayosema kwamba sarafu ya kuigiza sharti igongwe neno la kuonyesha kwamba ni nakala. Mwaka 2014 sheria hiyo iliongezwa nguvu ili imshike pia anayemsaidia muuzaji huku akijua. Kampuni ya eBay, iliyoanzishwa mwaka 1995 na ambayo ndiyo mashuhuri katika minada hii, ilipiga marufuku mwaka 2012 uuzaji wa sarafu za kuigiza katika ukumbi wake. Kampuni za PCGS na NGC hupima sarafu na kuzifungia katika visanduku vya plastiki vyenye namba, ili mnunuzi apate kuiuliza namba ile kwa kampuni yenyewe. Hayo ni mema, lakini mwizi hakulala: alifua visanduku pia, na namba akanakili za sarafu za kweli. Ndiyo kusema mnunuzi akiuliza namba atajibiwa kuwa ipo. Inampasa aitazame picha iliyowekwa na kampuni, ailinganishe mkwaruzo kwa mkwaruzo na ile iliyo mbele yake. Wangapi wafanyao hivyo?

Sisi tunayo maneno matatu ya kuwaambia wenye mamlaka, na moja la kuwaambia wanachama.

La kwanza ni juu ya wenye minada. Haifai mwenye ukumbi achukue fungu lake katika kila mauzo, kisha panapotokea wizi aseme kwamba yeye ni mwenye ukumbi tu. Dalali wa Kariakoo akiuza ng'ombe wa wizi huulizwa, na huulizwa kwa ukali. Fedha ya mnunuzi wa kitu cha kale ishikwe na mwenye mnada mpaka kitu kipimwe, na siku za kulalamika zihesabiwe kwa kadiri ya safari ndefu ya kifurushi kiendacho Tabora, si kwa kadiri ya kifurushi kitokacho mtaa huu kwenda mtaa wa pili. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo inaadhibu udanganyifu wa kutumia kompyuta. Lakini mwizi yuko ng'ambo, na mkono wa polisi wetu hauvuki bahari bila Serikali mbili kukubaliana. Basi zikubaliane.

La pili ni juu ya Makumbusho ya Taifa. Nyumba ile ya Dar es Salaam ina watu wajuao. Twaomba iwekwe siku moja katika kila mwezi ambapo mwananchi yeyote ataweza kuleta sarafu yake ipimwe uzito bila malipo, na itazamwe kwa lenzi. Haihitaji mashine ya mamilioni. Tulipokuwa shule ya misheni mwalimu wetu wa sayansi alituonyesha kwa kopo la maji, uzi na mizani ya dukani jinsi ya kujua kama pete ni ya dhahabu. Ukipima kitu hewani, kisha ukakipima kimening'inia majini, upungufu wa uzito utakwambia ujazo wake, na ujazo utakuambia madini. Dhahabu ya karati 18 ni nzito mara 15 na zaidi kuliko maji. Shaba ya manjano haifiki mara tisa. Ndiyo maana tembo wa mzee, ingawa alikuwa na umbo lile lile, alikuwa mwepesi. Kopo la maji lingemwokoa.

La tatu, nalo ndilo zito, ni juu ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yahesabu kuwa ni masalio ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu za Kilwa zimo. Tembo wa Tabora hayumo, kwa kuwa alizaliwa miaka 53 baada ya mpaka ule. Hatuwalaumu waliotunga sheria. Nchi ilikuwa changa, nao walitazama nyuma karne moja wakaona yatosha. Lakini karne ile imesimama pale pale huku sisi tukisonga mbele. Walitazama nyuma miaka 101. Sisi leo tukitazama nyuma miaka hiyo hiyo 101, mpaka unaangukia baada ya mwaka 1916. Kwa nini basi kitu kilichofuliwa kwa dhahabu ya Sekenke na jasho la Tabora kiwe huru kuondoka kama korosho? Wabunge wetu wanaosoma gazeti hili, na tunaamini wanalisoma, waiguse tarehe ile.

Kwa wanachama, hasa katika matawi ya wafanyakazi: mtu anapostaafu, vyama vyetu humfanyia sherehe, humpa shuka na saa ya ukutani, kisha humwacha peke yake na kiinua mgongo chake mbele ya kila mwizi mwenye simu. Wiki ya mwisho ya kazi yake tawi limkalishe, limweleze habari hizi waziwazi. Asinunue kitu cha kale kwa mtu asiyekubali kukirudisha. Asinunue kwa picha tu. Aulize uzito kwa gramu na auandike, kisha aulinganishe na vitabu kabla ya kutaja bei. Akiambiwa habari ya sanduku la marehemu babu, azime simu akalale. Na aliyeibiwa asione haya kusema, kwa sababu haya ndiyo inayowalisha wezi hawa. Mzee wetu alikaa miezi minne bila kumwambia hata mkewe.

Tumemsaidia kuandika barua mbili. Moja imekwenda polisi, pamoja na picha za tangazo na stakabadhi ya malipo. Ya pili imekwenda kwa wenye mnada, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ikiwataka wafungue tena shauri ingawa siku 30 zimepita. Sarafu yenyewe tulimwomba atuachie tuiweke ofisini kama ushahidi. Alifikiri kidogo, akakataa. Akasema polisi wakiitaka watampata nyumbani, na kwamba mjukuu wake ameanza kumwuliza habari za karakana ya Tabora, naye humwonyesha tembo huyo huyo wa shaba akimweleza wa kweli alikuwaje. Mpaka tunakwenda mitamboni, wenye mnada hawajajibu.